Saa Ndiyo Hii

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Wahenga waliosema hivyo walimjua mhunzi vizuri. Koleo humsaidia kushika chuma kinachowaka, na likivunjika mikononi mwake, mtazamaji aliyesimama mlangoni husema kazi imekwisha. Mhunzi mwenyewe hasemi hivyo. Huona moto bado unawaka, chuma bado ni chekundu na mikono yake bado inajua njia, basi hutafuta kitu kingine cha kushikia. Methali hii hutufunza kwamba chombo ni kitu kimoja na ujuzi ni kingine. Kisa kinachoithibitisha kilitokea katika nyumba ya fundi mmoja wa saa.

Ilikuwa nyumba ya vyumba vitatu, yenye baraza nyembamba iliyotazama barabara ya changarawe. Chumba cha mbele kilikuwa karakana. Ukutani zilining'inia saa za kila umbo, na kwa kuwa kila moja ilikuwa na maoni yake kuhusu wakati, chumba kilisikika kama mvua nyepesi juu ya bati. Chini ya dirisha ilikaa meza ya kazi yenye vibano vyembamba kama miguu ya mbu, bisibisi ndogo kama njiti za kiberiti, na kioo cha kukuzia, kikubwa kama kisahani cha kikombe, kilichofungwa kwenye mkono wa chuma. Pembeni lilisimama kasha la mbao la saa ndefu ya zamani. Mashine yake ilikuwa imeondolewa na mwenye saa hakuonekana tena. Fundi alipenda kusema kwamba kasha hilo ndilo mgeni pekee aliyekaa kwake siku zote bila kula.

Mtaa mzima ulimwita Fundi Sekunde. Mgeni angedhani ni kwa sababu ya kazi yake, lakini mkewe ndiye aliyempa jina hilo, kwa dhihaka. "Huyu akikuambia sekunde moja," alikuwa akisema, "tafuta kiti ukae."

Mke huyo aliingia maishani mwake kwa mlango wa kazi. Akiwa bado msichana, alimletea saa ya mkono ya kiume, urithi kutoka kwa baba yake, yenye uso wa buluu na mshale mmoja tu, kwani mshale wa dakika ulikuwa umekatika. Fundi aliifungua, akaifunga, akaifungua tena. Alibadilisha kila kilichoweza kubadilishwa, na saa ikaendelea kunyamaza kama jiwe. Ndiyo saa pekee iliyopata kumshinda. Mwishowe alimwambia, "Dada, itupe tu hii." Msichana akajibu kwamba angerudi kesho yake kuona kama fundi amebadili mawazo. Alirudi kesho, akarudi na keshokutwa, hata mtaa ukasema amekuja kutafuta saa akapata mume. Ya saa yenyewe haikuzungumzwa tena, na fundi aliamini ilikwishatupwa.

Sasa mke huyo alikuwa marehemu kwa miaka mingi. Alimwachia mumewe binti mmoja, aliyeitwa Kidole tangu utotoni kwa sababu hakuna kitu alichokitazama bila kukigusa. Maneno yake yalikuwa machache kama mvua ya kiangazi. Alifanya kazi katika duka la kutengeneza runinga na kompyuta, chini ya fundi mnene na mcheshi ambaye wateja walimwita Volteji.

Kisha macho ya Fundi Sekunde yakaanza kumsaliti, na yalianzia katikati. Kila alichokitazama moja kwa moja kilimezwa na ukungu, kikabaki kile kilicho pembeni. Akiangalia mshale wa saa, mshale hupotea. Akimwangalia mtu, huona masikio na mabega, uso haupo. Alijizoeza kulaza kichwa begani na kuchungulia kwa pembe ya jicho, kama kuku anayemtafuta mwewe. Daktari wa macho alimpa miwani nyeusi, ya aina ile wanayovaa madereva ili kukata mng'ao wa barabara, akamwambia ukweli bila kuuzungusha.

"Vitu vikubwa vyenye mwanga mkali utaendelea kuviona kwa muda, mzee. Lakini si muda mrefu. Kama kuna kitu unapenda kukitazama, kitazame sasa."

Fundi alirudi nyumbani, akakusanya vibano vyake, akavifunga kwa kitambaa, akavitia chini ya kitanda, akakishusha na kibao cha karakana mlangoni.

"Koleo limevunjika," alimwambia binti yake. "Uhunzi umekwisha."

Kidole alitaka kumwambia kwamba methali haisemi hivyo, lakini akaishia kufuta vumbi mezani.

Siku moja ya mapumziko, mama mdogo wa Kidole alikuja kuwatembelea kama kawaida yake, na sufuria ya chakula mkono mmoja na habari za mtaa mzima mdomoni. Baada ya kula, fundi alisukuma sahani pembeni. Kisha akasema, kana kwamba anazungumzia hali ya hewa, "Nimeusahau uso wake."

"Uso wa nani, shemeji?"

"Wa dada yako. Najua alikuwa na mwanya. Nikifumba macho, mwanya nauona. Uso wenyewe siuoni."

Mama mdogo alipangusa mikono. Aliitoa simu yake na kutafuta mkanda wa video wa harusi yake mwenyewe. Katika mkanda huo ndimo ilimobaki picha pekee ya marehemu akitembea na kucheka. Walikuwa wakiijua kwa moyo. Marehemu anapita mbele ya kamera, mpiga picha anamwuliza, "Shemeji yuko wapi?" Naye anageuka, anainua mkono na kujibu huku akicheka: "Fundi wa saa amechelewa. Mkimwona, mwambieni saa ndiyo hii."

Fundi aliisogeza simu mpaka ikagusa pua, akailaza huku na huku.

"Naona kama mshumaa unaopulizwa," alisema. "Sauti ninayo. Sauti haijaniponyoka. Ananiambia wakati umefika nami sijafika. Hata huko aliko ananilaumu kwa kuchelewa."

Alirudisha simu. Kidole aliinuka akaenda kuosha vyombo, akaosha sahani moja mara nyingi kuliko ilivyohitaji. Daktari alisema vitu vikubwa vyenye mwanga. Basi uso wa mama yake ulitakiwa uwe mkubwa kama mlango, tena uwake kama dirisha la asubuhi. Lakini projekta aliyoijua yeye ilikuwa moja tu, ya ukumbi wa mikutano, nayo ilifungiwa kabatini na haikuazimwa mtu.

Haikupita wiki, mteja akaleta dukani monita ya kompyuta iliyokuwa giza tupu. Volteji aliikagua, akatikisa kichwa.

"Imekufa. Tuizike leo au tungoje ndugu wa mbali?"

Mteja akacheka, akaiacha hapo hapo. Kidole aliinyanyua kuipeleka stoo. Waya wake ulikuwa bado kwenye umeme na kwenye kompyuta ya majaribio. Kwa mazoea yake ya kugusa kila kitu, aliwasha tochi ya simu na kuibandika juu ya kioo. Akashtuka nusura aiangushe. Ndani ya kile kiduara cha mwanga kulikuwa na picha. Alisogeza tochi, herufi zikatokea, zikapotea nyuma yake, nyingine zikatokea mbele, kama mtu anayemulika kuta za pango na kukuta zimechorwa zote.

"Fundi," aliita, "haijafa. Taa yake ya nyuma ndiyo iliyokufa. Picha ipo."

"Ipo, lakini ipo gizani," Volteji alijibu. "Na picha iliyo gizani inamsaidia nani?"

Kidole alizima tochi. Alikuwa amekwisha jua inamsaidia nani. Picha iliyochorwa kwenye kioo kinachopitisha nuru haikuwa na tofauti na kivuli cha mkono kinachokua kadiri taa inavyosogea. Kioo kile kilihitaji taa kali kwa nyuma na lenzi kwa mbele, basi.

Aliiomba ile monita, akapewa pamoja na maneno ya mzaha. Alivua kava lake, akaondoa mgongo wa bati na taa zilizoungua, mpaka kikabaki kioo kitupu chembamba, na ukanda wa nyaya laini uliokuwa ukikipelekea picha. Katika takataka za dukani alipata taa kubwa ya kumulikia uwanja, feni mbili za kompyuta za kupooza joto, na kutoka katika runinga moja ya zamani yenye tumbo kubwa, bamba la plastiki lenye miduara myembamba kama ya gogo lililokatwa. Volteji alimweleza kazi ya bamba hilo: hukusanya mwanga uliotawanyika na kuuelekeza mahali pamoja, kama mchungaji anavyoswaga mbuzi kuingia zizini.

"Na sanduku?" aliuliza Volteji. "Na lenzi utaitoa wapi?"

Kidole aliinamisha macho. Vitu hivyo viwili vilikuwa nyumbani, na mwenyewe alikuwa hajaombwa.

Alimwomba jioni hiyo, kwa sauti ya kunong'ona. Hakumwambia sababu, alisema tu kuna kitu anakijaribu. Fundi alilaza kichwa akamchungulia.

"Kasha la saa chukua, limekaa bure mpaka limekuwa ndugu. Kioo cha kukuzia nacho chukua. Mimi hakinikuzii tena kitu."

Hivyo kasha la saa ndefu likalazwa juu ya meza kama mgonjwa. Mahali palipokuwa na uso wa saa pakafungwa kioo cha kukuzia. Katikati, ndani ya mlango mdogo ambamo timazi lilikuwa likibembea, kikasimamishwa kioo cha monita na bamba la miduara. Taa ikakaa miguuni, feni zikitazama nje. Kompyuta kuukuu ya dukani ikaunganishwa, na mkanda wa harusi ukawekwa tayari.

Lilibaki jambo moja. Kidole aliwahi kusikia dukani kwamba kioo cha monita kimebandikwa utando wa juu unaotia ukungu ili macho yasichomwe na mng'ao, na kwamba anayetaka picha safi ukutani sharti autoe. Alilaza kitambaa kibichi juu ya kioo, akakiacha kilowe vizuri, kisha akashika pembe ya utando na kuuvuta polepole. Ulikuja mzito kuliko alivyotegemea. Akaviringisha ule utando, akautupa chini, akawasha.

Kioo kikawaka cheupe. Hapakuwa na bwana harusi wala bibi harusi, hapakuwa hata na doa. Alizima akawasha. Akakagua kila waya. Weupe mtupu, kama karatasi isiyoandikwa.

Aliketi sakafuni. Alielewa kwamba alichobandua hakikuwa utando mmoja. Chini ya ule wa ukungu kulikuwa na mwingine, na huo ulikuwa sehemu ya picha yenyewe. Pupa yake ya vidole ilikuwa imeua kitu ambacho hata mteja na Volteji hawakukiua walipokitupa. Na macho ya baba yake hayakuwa yakimsubiri.

Mama mdogo, aliyekuja tena kuwatembelea, aliingia na ufagio, akazunguka zunguka, akakusanya vipande na kutoka. Aliporudi alikuta mpwa wake bado yuko chini.

"Mwanangu, unaumwa?"

"Picha imekufa, mama."

"Si uliniambia juzi haijafa?"

"Sasa nimeiua."

Fundi Sekunde alisikia mazungumzo kutoka barazani. Aliingia akipapasa fremu ya mlango, miwani nyeusi usoni, kwani jua lilikuwa kali. Aliusogelea mwanga, jambo alilolifanya siku hizi kwa kila mwanga, akalaza kichwa begani.

"Kuna kitu chekundu kinapita," alisema.

Mama mdogo alimtazama Kidole, Kidole akamtazama mama mdogo.

"Shemeji," mama mdogo alisema taratibu, "hapo hakuna kitu. Ni peupe."

"Kinapita. Kimerudi. Sasa kuna kingine cheupe nyuma yake."

Zulia jekundu. Sehemu ile ya mkanda ilianza na zulia jekundu, na watoto wenye nguo nyekundu wakimtangulia bibi harusi. Kidole alisimama. Baba yake, ambaye hakuweza kuiona sahani yake ya chakula, alikuwa akiona kisichoonekana na mtu mwingine chumbani humo. Mama mdogo alivuta kanga yake mabegani. Wazo lililomjia, kama alivyokiri baadaye, ni kwamba mtu anayeaga macho pengine hufunguliwa mengine.

"Baba, niazime miwani," alisema Kidole.

Aliivaa. Peupe. Kisha akakumbuka baba yake anavyosimama, naye akalaza kichwa begani.

Harusi nzima ilikuwa pale. Watoto wenye nguo nyekundu, maua, mama mdogo alipokuwa mwembamba. Aliinua kichwa, harusi ikafutika. Akalaza, ikarudi. Picha haikuwa imekufa hata kidogo. Nuru ilikuwa imeibeba muda wote, ikamwagika nayo chumba kizima na kuwapiga machoni, na macho matupu hayakuwa na uwezo wa kuitenga na mwanga mwingine. Utando alioubandua ndio uliokuwa ukiitenga. Miwani ya baba ilikuwa imetengenezwa kwa utando wa namna hiyo hiyo.

"Lete nione," mama mdogo alisema akinyoosha mkono. "Mbona sioni?"

"Laza kichwa."

"Hivi?"

"Zaidi."

Mama mdogo alilaza shingo mpaka kilemba kikamdondoka. Halafu akasema kwa sauti ndogo ambayo haikuwa yake, "Nilikuwa mzuri kiasi hiki na hakuna aliyeniambia."

"Ule utando," Kidole aliuliza, "uliokuwa hapa chini, umeupeleka wapi?"

"Ile plastiki? Plastiki ngumu vile mtu hutupa? Nimefunikia bakuli la sukari."

Waliutoa juu ya bakuli la sukari. Ulikuwa na gundi, sukari na alama za vidole. Kidole aliukata kipande cha kuenea lenzi tu, kwani alikumbuka kuwa uchafu ulio karibu kabisa na lenzi hauonekani ukutani, kama mtu asivyoziona kope zake. Alikisafisha kadiri ya uwezo wake.

Hawakungoja usiku. Walitundika mablanketi madirishani, wakaziba nyufa za mlango kwa magunia, na adhuhuri ikawa giza ndani ya karakana. Saa zote zilishushwa ukutani na kulazwa kitandani, zikaendelea kugonga chini ya shuka. Misumari ikang'olewa. Ukuta ukabaki mtupu kwa mara ya kwanza tangu nyumba ijengwe.

Kidole akawasha, akashika kile kipande cha utando mbele ya lenzi.

Mwale ulitoka kwenye kasha la saa ukiwa umejaa vumbi linaloelea, kila chembe iking'aa kama nyota ndogo, na ukutani pakatokea umati wa watu wakubwa kuliko wao. Walikuwa wanatembea kwa vichwa, miguu juu.

"Aibu gani hii," alisema mama mdogo. "Wakwe zangu wote wamebinuka."

Lenzi hupindua picha. Kidole alikigeuza kioo cha monita juu chini, watu wakasimama wima. Kisha akakirudisha kile kipande cha utando mbele ya lenzi. Alipokishika upande mmoja, nyuso zikawa za rangi ya majivu, meno meusi, gauni la bibi harusi jeusi kama mkaa, na anga ikawa giza mchana. Akaanza kukizungusha polepole. Rangi zilififia zote, ukuta ukabaki mweupe kwa pumzi moja, halafu upande wa pili zikaanza kurejea: majani yakawa kijani, zulia likawa jekundu, ngozi za watu zikapata damu. Ilikuwa kama kutazama ulimwengu ukiumbwa, kitu baada ya kitu. Mama mdogo alikuwa ameshika mdomo kwa mkono, labda kuulinda usiharibu.

Ndipo akaja marehemu.

Aliingia kutoka upande wa dirisha akaujaza ukuta. Uso wake ulifika darini. Mwanya wake ulikuwa na upana wa kiganja. Aliangaza chumba kizima, akaiangaza meza ya kazi na kasha lenyewe lililomleta, na mashavu ya waliomtazama yakapata rangi ya shavu lake.

Fundi Sekunde aliivua miwani. Alitembea mbele mikono ikiwa wazi, akalaza kichwa, akalaza tena upande wa pili, akamkusanya mkewe vipande vipande kwa pembe za macho: paji, nyusi, kidevu. Alipofika ukutani aliweka kiganja juu ya shavu lake, na shavu likaja likakaa juu ya mkono wake.

"Ndiye," alisema. "Ndivyo alivyo."

"Shemeji yuko wapi?" iliuliza sauti ya mpiga picha.

"Fundi wa saa amechelewa," akajibu marehemu, akiinua mkono. "Mkimwona, mwambieni saa ndiyo hii."

Picha ikapita.

"Rudisha," alisema fundi. Kidole akarudisha. "Simamisha hapo alipoinua mkono."

Mkono ulisimama katikati ya ukuta, kifundo chake kinene kama nguzo. Kwenye kifundo hicho palikuwa na kitu cha buluu, kikubwa kama sinia. Kwenye simu kilikuwa kidogo kuliko punje ya mtama, na kila aliyekiona alidhani ni bangili. Fundi alisogea karibu, akakifuata kwa kidole mzingo wake wote, kisha akafuata mshale uliokuwa ndani yake. Akatafuta wa pili. Haukuwepo.

Alirudia kupapasa pale pale, mara mbili, mara tatu.

"Hakuwa akinilaumu," alisema mwishowe.

"Vipi, baba?"

"Miaka yote nilisikia anasema wakati umefika. Saa ndiyo hii. Kumbe alikuwa anaionyesha." Aligonga ukuta taratibu pale penye buluu. "Saa ndiyo hii. Ile niliyomwambia aitupe. Alikuwa ananitumia habari kwamba hakuitupa, nami nimeisikiliza bila kuiona."

Mama mdogo alishusha mkono mdomoni. "Ile saa mbovu? Ipo. Iko kwangu ndani ya kopo la vifungo. Nilimwuliza siku ile ya harusi kwa nini anavaa saa iliyokufa, akasema haijafa, inamngoja fundi apate akili."

Katika giza lile fundi alicheka, kicheko ambacho nyumba ilikuwa imekisahau.

Asubuhi iliyofuata kopo la vifungo lilikuwa juu ya meza ya kazi. Fundi Sekunde alikivuta kiti chake.

"Kidole, nitolee vibano chini ya kitanda."

"Kioo chako cha kukuzia kimo ndani ya kasha, baba. Nikitoe?"

"Kiache huko, kina kazi. Wewe utakuwa macho, mimi nitakuwa vidole."

Walifanya kazi hivyo kwa siku kadhaa. Binti, aliyekuwa mchache wa maneno, ilimbidi aseme kila alichokiona: gurudumu hili lina meno yote, skrubu hii ina kutu shingoni. Baba aligusa. Alipofika kwenye mhimili mmoja mwembamba kama unywele, aliuzungusha kati ya ncha za vidole, akasimama, akauzungusha tena.

"Umepinda," alisema.

"Mimi nauona umenyooka."

"Hata mimi niliuona umenyooka. Niliutazama mpaka nikachoka, na kwa sababu macho yalinitosha sikuwahi kuuliza vidole." Alitabasamu. "Niazime uvumilivu wako hapa, niunyooshe."

Aliunyoosha kwa mguso, pumzi kwa pumzi. Wakaifunga saa, akaitia ufunguo, akaiweka sikioni. Kidole aliyatazama macho ya baba yake, ambayo hayakuwa yamepona wala hayangepona, akayaona yakijaa maji. Hakuhitaji kuambiwa. Katikati ya saa zote, zilizohamishiwa ukuta wa pili, alisikia moja mpya, nyembamba, yenye haraka, kama mtu aliyechelewa na sasa anakimbia.

"Tuitafutie mshale wa dakika?" aliuliza.

"Mmoja unatosha. Mimi na dakika hatujawahi kuelewana."

Akaifunga mkononi, akapapasa meza na kuuliza kazi inayofuata. Kibao cha karakana kilirudishwa mlangoni siku hiyo hiyo, na siku za mapumziko majirani walizoea kuja kuketi gizani mbele ya kasha la saa, wakitazama sherehe zao na wapendwa wao wakiwa wakubwa kama nyumba. Monita ilipoteza taa, kioo kikapoteza utando, fundi akapoteza macho, na kila mara aliyesimama mlangoni alisema yamekwisha. Hayakuwa yamekwisha, kwa kuwa koleo ndilo lililovunjika. Uhunzi ulikuwa mzima.